Ita Watu Wako Muombe

Kuna mwanamume anayesimama mbele ya usharika mzima siku ya Jumapili akaomba dakika kumi bila kukwama. Anaombea taifa, wagonjwa, wajane na walio safarini. Anajua wapi apandishe sauti na wapi aishushe. Mtu huyohuyo, usiku ukimwambia amshike mkewe mkono waombe pamoja kabla ya kulala, ulimi unakuwa mzito. Atakohoa, atasema amechoka, atasema kila mtu aombe kimoyomoyo.

Tumezoea kusingizia muda. Foleni, zamu za usiku, watoto wanaorudi na mrundo wa kazi za shule. Hayo yapo, lakini sikubali kwamba ndiyo kikwazo kikubwa, kwa sababu nyumba inayomaliza tamthilia nzima kila jioni haikosi dakika kumi. Kikwazo ni aibu. Kanisani wanakujua kwa suti yako. Nyumbani wanakujua kwa maneno uliyotamka asubuhi ulipokosa shati lililopigwa pasi. Mkeo anayakumbuka. Watoto walikuwepo. Ukifumba macho umwite Mungu Baba mbele yao, unajiona kama unayepimwa. Basi unaahirisha mpaka utakapokuwa mtu mwema wa kutosha kuongoza sala, na siku hiyo haifiki.

Ndugu yangu, usiingoje. Njoo na aibu yako hiyohiyo uketi nayo sebuleni. Sala yako ya kwanza iwe hiyo: "Mungu, nisamehe, leo asubuhi nilimfokea mama yao." Mtoto akimsikia baba yake akisema hivyo kwa kinywa chake, amejifunza toba kwa namna ambayo hakuna mhubiri anayeweza kumfundisha.

Mtazame mlinzi wa gereza la Filipi, katika sura ya 16 ya Matendo ya Mitume. Jioni alikuwa akiifunga miguu ya Paulo na Sila kwa mkatale. Usiku wa manane tetemeko likaifungua milango, naye akachomoa upanga ajiue. Kabla hapajapambazuka alikuwa amewaosha wafungwa wale majeraha yao, amebatizwa yeye na watu wake wote, ameandaa meza, na nyumba nzima inashangilia. Hakuwa amemaliza mafundisho yoyote. Hakujua wimbo hata mmoja, ila labda nyimbo zile alizozisikia zikitoka chumba cha ndani cha gereza. Imani yake ilikuwa na umri wa saa chache tu, na tayari amewaamsha watoto. Wewe una kipaimara, una Biblia mbili kwenye kabati, una vitenge vya kwaya vya miaka na miaka. Unangoja nini?

Na kungoja kuna gharama. Machi 2020, korona ilipoingia Kenya, makanisa yalifungwa. Yalipofunguliwa tena Julai, yalifunguliwa kwa masharti: watu wasiozidi 100, ibada isiyozidi saa moja, na wenye umri chini ya miaka 13 pamoja na waliozidi miaka 58 wabaki nyumbani. Maana yake ni kwamba mtoto wa Shule ya Jumapili na bibi yake hawakuwa na kanisa jingine ila sebule. Nyumba zenye desturi ya kuomba ziliendelea. Kitabu cha nyimbo kilikuwa mahali pake na kila mtu alijua zamu yake. Nyingine ziliegemeza simu kwenye kopo, zikatazama ibada ya watu wengine mpaka bando likaisha. Tusingoje kufungiwa milango ndipo tujifunze.

Makanisa yetu yenyewe yamelisema jambo hili siku nyingi. Wakatoliki, tangu Mtaguso wa Pili wa Vatikano, huiita familia Kanisa la nyumbani. Katekisimo Ndogo ya Luther ya mwaka 1529, ile waliyoikariri vijana wetu wa kipaimara, iliandikwa ili mkuu wa nyumba awafundishe watu wake, na ndani yake mna sala za asubuhi, za jioni na za mezani. Waadventista wa Sabato huifungua Sabato nyumbani Ijumaa jua linapotua, na mtoto aliyekulia humo haulizi kwa nini redio imezimwa. Hakuna anayeweza kusema kwamba kanisa lake halikumwambia.

Mama unayelea peke yako, au uliyeolewa na mtu asiyesali, najua umeshaanza kusema haya hayakuhusu. Yanakuhusu kuliko mtu yeyote. Baba yake Timotheo alikuwa Myunani, na Paulo anapoitaja imani ya kijana yule hamtaji baba. Anamtaja bibi yake Loisi na mama yake Eunike. Imani ile ilipita kwa wanawake wawili.

Kisha kuna Susanna Wesley, ambaye habari zake zingefaa kusimuliwa katika kila kikao cha akina mama. Ilikuwa Epworth, Uingereza, majira ya baridi ya mwaka 1711 kuingia 1712. Mumewe, Mchungaji Samuel, alikuwa London kwenye mikutano ya kanisa. Susanna, aliyezaa watoto 19 na kuwazika karibu nusu yao wangali wachanga, alibaki nyumbani, na Jumapili jioni akawa anawakusanya watoto na watumishi jikoni akiwasomea sala na hotuba. Kijana mmoja mtumishi akawasimulia wazazi wake, wakaomba na wao waje. Jirani akamwambia jirani, mpaka wakafika watu wapatao 200. Kasisi aliyekuwa akishika nafasi ya Samuel akalalamika, na Samuel akamwandikia mkewe aache. Susanna akajibu kwa heshima bila kutetereka: kama anataka ibada hizo ziachwe, atoe amri iliyo wazi, ili siku ya hukumu lawama isiwe juu yake.

Watu 200 ni wengi, lakini mimi kinachonigusa zaidi ni jambo dogo alilolifanya kipindi hichohicho. Aliwagawia watoto jioni za juma: kila mmoja na siku yake ya kukaa na mama, wawili tu, waongee habari za roho yake. Alhamisi ilikuwa ya John, mvulana wa miaka minane. Miaka 20 baadaye, akiwa msomi wa Oxford, John alimwandikia mama yake akimsihi ampe tena ile sehemu ndogo ya Alhamisi jioni. Huyo ndiye John Wesley ambaye Wamethodisti wa Meru na wa Mombasa wanatokana na kazi yake. Mama yake hakuwa na ofisi wala cheo. Alikuwa na jiko, na alikuwa na Alhamisi.

Basi fanya hivi. Taarifa ya habari ya saa mbili ikiisha, zima televisheni. Simu zote zikae juu ya kabati, na ya kwako itangulie. Mdogo kuliko wote ashike pambio, lolote analolijua, hata kama ni lilelile la jana. Soma kifungu kifupi. Injili ya Marko inakwenda mbio na watoto wanaipenda. Ina sura 16, nusu sura kila usiku mtaimaliza kwa mwezi hivi. Uliza swali moja tu, usihubiri. Baba akigeuza sebule kuwa mimbari, wiki ya pili watoto watajidai wamelala. Halafu kila mtu ataje lake waziwazi: jino linalouma, mtihani wa Hisabati, kodi ya miezi sita ambayo mwenye nyumba ameshaipigia simu mara mbili. Ndiyo, wataje na kodi. Watoto wanajua kwamba mambo ni magumu. Wasichokijua ni mahali mnakopeleka ugumu huo. Mtoto wa miaka minne akiombea kuku aliyeibiwa, itikieni Amina kwa sauti kamili na mtu asicheke, kwa maana amemwambia Mungu jambo kubwa kuliko yote alilo nalo.

Na binti wa kazi msimwache jikoni akisugua masufuria huku ninyi mnamwita Mungu Baba wa wote. Vyombo vitangoje. Apewe Biblia asome zamu yake, na kama hajui kusoma aanzishe wimbo. Ikiwa ni wa imani nyingine aulizwe, asilazimishwe. Lakini kumsahau tu, kana kwamba yeye ni sehemu ya jiko, ni kosa linaloiharibu sala yenyewe.

Kuna nyumba ambazo mama yuko Muscat au Dubai akifanya kazi kwa watu, na watoto wako kwa bibi. Kule saa yao imetangulia ya kwetu kwa saa moja. Pangeni. Mama atume sauti kwa WhatsApp, amtaje kila mtoto kwa jina katika sala, na bibi awasikilizishe wakati wa kulala. Akipata nafasi ya kupiga, mzungushieni simu kila mmoja aombe naye neno moja. Ayubu aliamka alfajiri kuwatolea sadaka wanawe, kila mmoja kwa hesabu yake, nao hata hawakuwa nyumbani kwake. Umbali haumnyimi mzazi kazi hii.

Kijana wa kidato cha tatu atakuja na uso uliokunjamana. Muache akunje uso, ila awepo. Msimlazimishe kuomba kwa sauti. Mpe kazi: atafute kifungu, apige gitaa kama analo, awataje marafiki zake wa bweni ili wengine wawaombee. Mwanandoa anayekataa naye usimkaripie kwa kutumia sala, wala usiombe maneno yenye mwiba ukijua anasikiliza chumbani. Mwombee mema kwa jina lake, mwache mlango wazi.

Kuna siku mtakosa. Umeme utakatika, mgeni atachelewa kuondoka, mtagombana kiasi kwamba hakuna anayetaka kuketi na mwenzake. Zitapita siku mbili, pengine wiki. Ukirudi, usitoe hotuba ya kuanza upya wala ratiba mpya ya kubandika ukutani. Saa mbili na nusu ikifika, keti palepale, fungua mlipoishia, mwambie mdogo ashike pambio.