Karibu Kuliko Tunavyodhani

Jijini Dar es Salaam, kutoka Tegeta hadi Kunduchi si mbali, na hapo ufukweni boti hukuvusha hadi kisiwa cha Mbudya, hifadhi ya bahari tangu mwaka 1975. Kuna mibuyu, mchanga mweupe, na samaki wa kukaanga kwa chipsi.

Piga picha, tena mapema, jua lingali la upande na maji yana rangi zake. Kisha weka simu mfukoni, ule samaki angali wa moto, umsikilize uliyekuja naye. Uzuri wa nchi huonwa kwa macho na kuonjwa kwa ulimi.

Ukiondoka, beba taka zako. Plastiki iliyoachwa ufukweni huishia baharini, anakoishi samaki tunayemla. Jumapili hii, itoe familia yako nje.