Giaboksi Hiyo Inapona

Mvua za Novemba hazisubiri fundi. Zikishuka hapa Bukene, mkoani Tabora, majaruba yanajaa, mwenye pawatila nzima anaingia kuvuruga, na mwenye mbovu anazunguka kuomba zamu kwa watu huku miche ya mpunga inapitiliza kitaluni. Ndugu mkulima, wewe mashine unayo. Ipo chini ya mwembe, kuku wanalala juu yake. Injini inawaka, lakini ukiweka gia inanguruma tu, haiendi. Umeshaambiwa imekufa, uiuze kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Usiiuze! Ifungue sasa, kiangazi hiki, ardhi ingali kavu na muda unao.

Mashine za namna hii zilienea sana vijijini baada ya mpango wa serikali wa Kilimo Kwanza kutangazwa mwaka 2009. Zilikuja kwa kishindo, elimu ya kuzitunza ikabaki nyuma. Pengo hilo linazibwa na mtu mmoja mmoja mwenye spana, na sioni kwa nini mtu huyo asiwe wewe.

Kwa maana chuma si kitu kigeni Unyamwezi. Kabla reli haijafika Tabora mwaka 1912, wahunzi wa huku magharibi walikuwa wakiyeyusha chuma na kufua majembe yaliyouzwa kwenye njia za misafara na kutolewa mahari. Wageni wenye fedha nyingi walikuja baadaye, wakashindwa. Urambo, mkoa huu huu wa Tabora, Waingereza walianzisha mradi mkubwa wa karanga mwishoni mwa miaka ya 1940. Katika mradi ule, uliofika pia Kongwa na Nachingwea, waliingiza matrekta mengi yaliyokwisha tumika, yakaharibika kwa kasi ambayo karakana na spea hazikuimudu. Mwaka 1951 mradi ukafungwa. Nguvu ya mashine iko kwa anayeweza kuitengeneza pale pale ilipokwama.

Basi tuingie kazini. Usikimbilie kupasua giaboksi. Anza na mikanda: ibonyeze kwa kidole gumba, ikilegea mno, legeza boliti za injini, isogeze mbele kidogo, kaza. Mkanda mmoja ukichakaa badilisha yote kwa pamoja, maana mpya ukichanganywa na ya zamani hubeba mzigo peke yake na kukatika. Kisha klachi. Sahani zake zinatakiwa ziwe kavu. Sili ikivujisha oili juu yake, klachi inateleza na mashine inasimama, na watu wanailaumu giaboksi isiyo na kosa.

Yote hayo yakiwa salama, sasa mwaga oili. Fanya hivyo asubuhi, kabla ya kuwasha injini. Maji ni mazito kuliko oili, yakilala usiku hutulia chini, na ukifungua nati ya kumwagia hutangulia kutoka yenyewe. Oili iliyokwisha changanyika nayo hutoka nyeupe kama chai ya maziwa. Hapo umeshampata adui: tope la jaruba limepita kwenye sili za ekseli. Chukua sumaku ya spika ya redio mbovu, ipitishe ndani ya oili hiyo. Vumbi laini la chuma ni uchakavu wa kawaida. Ukinasa vipande, kuna jino la gia au beringi iliyosagika, na lazima ufungue.

Unapofungua, tandika gunia safi, panga kila kifaa kwa mpangilio ule ule kilivyotoka, piga picha kwa simu kila hatua. Gia inayochomoka yenyewe ukiwa shambani, tazama uma unaoisukuma na springi inayoishikilia. Mlio wa kusaga, shika beringi uizungushe kwa mkono, utahisi inakwaruza.

Na hapa kuna siri ambayo ningependa kila kijana wa Bukene aijue: beringi ina namba pembeni, na namba hiyo inaeleweka dunia nzima. Ikiandikwa 6205, zidisha 05 kwa 5, unapata milimita 25, upana wa tundu linaloingia shafti. Sili nayo ina namba tatu: tundu, upana wa nje na unene. Huna haja ya kujua jina la kiwanda wala kusubiri spea ya kutoka China. Andika namba kwenye karatasi, ulizia Nzega, Kahama au Tabora mjini.

Jino la gia lililokatika usilichomelee kienyeji. Moto huua ugumu wa chuma na litakatika tena katikati ya msimu. Tafuta gia nyingine kutoka mashine iliyokufa kweli, au ipeleke kwenye karakana yenye mashine ya kukereza vyuma. SIDO, shirika la viwanda vidogo, wapo Tabora; VETA, wa mafunzo ya ufundi, wapo Tabora. Waulize bila haya.

Ukishafunga, weka sili mpya hata kama za zamani zinaonekana nzima, jaza oili ya gia hadi kwenye alama, itembeze barabarani bila mzigo, ujaribu gia zote, kisha kagua uvujaji. Halafu mwite jirani ambaye yake nayo imelala, mfungue ya kwake mkiwa wawili. Mvua ya kwanza iwakute nyote wawili mko jarubani.