Mume Wangu Alinielekezea Bunduki, Kisha Akacheka



Mwezi huu nimeacha kando maswali ya mahari na ya wakwe ili nijibu barua moja iliyonikosesha usingizi. Mama mmoja wa watoto watatu anaandika hivi:

"Mume wangu ni askari wa akiba, na amepewa bunduki ya kulinda watu na mifugo ya kijiji chetu. Jumapili moja tukiwa mezani, nilimtania kwamba amenenepa tangu aache kuchunga ng'ombe. Akasimama, akachukua bunduki, akatoa kikasha cha risasi, akanielekezea kifuani na kusema, 'Rudia tena.' Kisha akafyatua. Ikalia 'ta' tu. Yeye akaangua kicheko, na watoto wakacheka pamoja naye. Mimi nilitoka nje nikatapika. Sasa ananiambia sijui mzaha, na kwamba nilimwaibisha mbele ya watoto kwa kulia. Je, Katekista, kosa ni langu?"

Hapana, dada yangu. Kosa si lako. Lakini sitaki kumhukumu mumeo kwa sentensi moja halafu nifunge ukurasa. Najua wako wengi watakaosema, "Kwani kuna ubaya gani? Hakuna aliyeumia." Basi tulichunguze jambo hili polepole.

Kucheka si dhambi

Nyumba isiyo na kicheko ni kama ugali bila mboga. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika karne ya 13, alifundisha kwamba roho nayo huchoka kama mwili, na kwamba michezo na maneno ya kuchekesha ndiyo mapumziko yake. Alisema hata yule anayekataa kila mzaha na kuwaharibia wenzake furaha ana kosa. Lakini aliweka mipaka: mzaha usiwe wa kudhuru, na ulingane na mtu, mahali na wakati.

Kwa hiyo hatuulizi kama mume na mke waweze kutaniana. Ninyi mlikuwa mkitaniana vizuri mpaka pale aliposimama. Tunauliza kama bunduki yaweza kuingia katika utani huo.

"Haina risasi"

Huu ndio utetezi wa kwanza wa kila mtu anayefanya mzaha wa aina hii, na ndio umejaza makaburi. Bunduki nyingi na bastola za siku hizi huweza kubaki na risasi moja ndani ya chemba hata baada ya kikasha kutolewa. Mtu huona kikasha mkononi mwake, moyo wake hutulia, kumbe risasi iko mahali pake ikingoja kidole.

Terry Kath, mpiga gitaa wa bendi ya Marekani iitwayo Chicago, alikuwa akichezea bastola mbele ya rafiki yake tarehe 23 Januari 1978. Rafiki alipoogopa, Kath alimhakikishia kuwa haina risasi, akajielekezea kichwani. Chemba ilikuwa na risasi moja. Alikuwa na umri wa miaka 31, na alimwacha mtoto mdogo wa kike.

Wengine husema, "Basi nitatumia risasi ya kupigia kelele tu." Mwaka 1984 mwigizaji Jon-Erik Hexum, akichoshwa na kungoja wakati wa kupiga filamu, alijiwekea bastola ya namna hiyo kwenye panja kwa mzaha. Risasi ile ilikuwa na baruti bila kipande cha chuma mbele. Lakini kwa kuwa mdomo wa bastola uligusana na kichwa, nguvu ya mlipuko ilivunja fuvu. Alifariki siku chache baadaye.

Watu hawa hawakuwa wabaya. Walikuwa na hakika. Na hapo ndipo somo lilipo: hakika ya mwenye kushika bunduki haimkingi mtu yeyote. Mumeo alifundishwa jambo hili. Kila anayefunzwa kutumia silaha huambiwa aihesabu kila bunduki kuwa na risasi, na asiielekeze kamwe kwa kitu asichotaka kukiangamiza. Hakuna mkufunzi anayeongeza, "isipokuwa mke wako."

Tukikubaliana wawili je?

Mwaka 2017, katika jimbo la Minnesota huko Marekani, kijana mmoja alimwomba mchumba wake amfyatulie bastola huku yeye ameshika kitabu kinene mbele ya kifua, wapate video ya kusisimua ya kuweka YouTube. Msichana alikuwa mjamzito, na mtoto wao wa miaka 3 alikuwa karibu. Alikubali baada ya kusihiwa. Risasi ilipita katika kitabu na kumwua kijana. Msichana alikiri kosa mahakamani na kuhukumiwa kifungo.

Hapa hakuna aliyedanganywa wala aliyelazimishwa kwa nguvu. Je, kukubaliana kwao kulihalalisha jambo? La. Maisha si mali ya mtu kama mbuzi ambaye aweza kumweka rehani akitaka. Katekisimu ya Kanisa, katika mafundisho ya Amri ya Tano, inakataza kumweka mtu katika hatari ya kufa pasipo sababu nzito. Kicheko si sababu nzito. Na watoto wawili wa wale vijana, mmoja akiwa bado tumboni, hakuna aliyewauliza kama wanakubali.

Bunduki ya mti

Sasa anasimama msomaji mwenye akili na kuniuliza: "Je, kama ni ya bandia kabisa, isiyoweza kuua hata sisimizi?" Hapa siwezi kumnyoshea mwingine kidole, kwa maana nilifanya hivyo mimi mwenyewe.

Nilikuwa kijana wa kidato cha tatu. Wakati wa likizo nilichonga bunduki ya mti, nikaipaka rangi nyeusi ya viatu, na jioni moja nikajificha kwenye kona ya njia ya kwenda mtoni. Jirani yetu mzee, tuliyemwita Guka, akapita na kibuyu chake. Nikaruka mbele yake na kupaza sauti, "Simama! Mikono juu!"

Nilitarajia kelele, kisha kicheko, kisha labda kofi. Guka hakupiga kelele. Alipiga magoti kwenye matope, akaweka mikono juu ya kichwa, akainamisha uso. Alikaa hivyo hata baada ya mimi kutupa ule mti na kumwita kwa jina. Ni baba yangu aliyenieleza usiku ule kwamba mzee yule alikamatwa Nairobi katika msako mkubwa wa Aprili 1954, wakati wa Hali ya Hatari, akapitishwa mbele ya watu waliofunikwa magunia, kisha akafungwa kizuizini miaka kadhaa. Kwangu ilikuwa mti na rangi ya viatu. Kwake ilikuwa bunduki kweli, na hofu yake ilikuwa kweli.

Nilikwenda kumwomba radhi asubuhi. Alinisamehe, lakini hakupita njia ile tena jioni.

Tangu siku hiyo nimejua kwamba mzaha wa bunduki hauhitaji risasi ili ujeruhi. Katika mzaha mwingine, tukimficha mtu kofia yake, hofu hupita na sote tunacheka. Katika huu, furaha ya mmoja hutoka katika dakika ile ambayo mwenzake anaamini atakufa. Kitabu cha Mithali, katika sura ya 26, kinamfananisha anayemdanganya jirani kisha akasema alikuwa akitania na mwendawazimu anayerusha moto na mishale. Wahenga wetu nao wakasema: mzaha mzaha, hutumbuka usaha.

Je, kuna mahali unapofaa? Vijana wa parokia wakiigiza mchezo jukwaani kwa bunduki ya ubao, na kila mtu anajua, hakuna anayedanganywa wala kutishwa. Watoto wakirushiana maji kwa bastola za plastiki, ni mchezo. Lakini silaha ya kweli kuelekezewa mtu, au ya bandia kutumiwa ili mtu aamini ni ya kweli, hapo mimi sioni ruhusa hata moja.

Kinachobaki ndani ya nyumba

Ndugu mume, sasa nasema nawe. Mlipokuwa mkitaniana, mlikuwa sawa: yeye kwa ulimi, wewe kwa ulimi. Uliposhika bunduki, ulimwondolea mkeo njia ya kukujibu. Tena ulisema, "Rudia tena." Mwezi ujao mtakapokosana juu ya karo, utanyamaza na kusimama ghafla, naye ataitazama ile kona ya bunduki. Atakubali neno lako, nawe utadhani umeheshimiwa, kumbe umeogopwa. Na watoto waliocheka wamejifunza nini? Kijana wako akioa, atakumbuka meza ile.

Najua kazi yako ni ya hatari, na wanaume wanaokaa karibu na kifo huzoea kukicheka ili wasishindwe. Sikulaumu kwa hilo. Lakini hofu ya kazini usiitue kifuani pa mkeo.

Ushauri wangu

Kwanza, mume amwombe mkewe msamaha, na afanye hivyo mbele ya watoto, kwa kuwa kosa lilifanyika mbele yao. Pili, bunduki isikae tena chumbani mnapokula. Ifungiwe mahali salama, na risasi mbali nayo. Tatu, dada yangu, usinyamaze. Zungumza naye akiwa ametulia, si katikati ya ugomvi. Akikudharau, waite wasimamizi wenu wa ndoa, au mwone Baba Paroko.

Nne, akirudia hata mara moja, usingoje ya tatu. Ondoka na watoto, na mweleze mkuu wake aliyempa silaha. Katika Kenya, sheria ya mwaka 2015 ya kulinda watu dhidi ya ukatili wa nyumbani inahesabu vitisho kuwa ukatili, hata pasipo kipigo. Kumshtaki si kuvunja ndoa yako. Ndoa huvunjwa na anayeifanya nyumba kuwa mahali pa kutetemeka.

Uliuliza kama hujui mzaha. Wewe ndiye uliyeanza utani siku ile, na ulikuwa utani mzuri wa mke anayempenda mumewe. Naomba mumeo asome ukurasa huu, kisha siku moja mezani ajibu ule utani kwa maneno, mcheke wote watano.