Makaa Yanabaki, Umeme Unavuka



Wahenga walisema, "Mla kuku wa mwenziwe, miguu humwelekea." Methali hii ni nyepesi ikiwa kuku ni mmoja na mlaji ni mmoja. Lakini je, kama kuku amepita mikononi mwa watu kumi, huyu kamchinja, yule kamuuza, mwingine kampika, naye mlaji yuko nchi ya mbali wala hajui kuku alitoka banda gani, miguu itamwelekea nani? Biashara nyingi za siku hizi ni za namna hiyo. Nataka tulitazame swali hili katika biashara moja isiyozungumzwa sana kwetu, yaani biashara ya makaa ya mawe ya kahawia huko Ulaya.

Makaa tunayoyafahamu hapa ni meusi na magumu, nayo husafiri. Mwaka 2022, vita ilipopamba moto Ukraine na nchi za Ulaya zikaacha kununua makaa ya Urusi, makaa ya Ruvuma yalipakiwa melini bandarini Mtwara, mengine yakafika mpaka Ulaya. Makaa ya kahawia hayawezi safari kama hiyo. Ni machanga na laini, karibu nusu ya uzito wake ni maji, na yakilundikwa yakakauka huweza kuwaka yenyewe. Ayasafirishaye mbali hulipa nauli ya maji. Kwa hiyo mtambo wa kufua umeme hujengwa karibu na machimbo, na makaa hupelekwa humo kwa mikanda au kwa garimoshi la safari fupi. Yanayouzwa nje ni kidogo, hasa yaliyokaushwa na kushindiliwa vipande vipande, au kusagwa yawe unga wa kuchomea viwandani.

Tuchukue Ujerumani. Mwaka 2022 nchi hiyo ilichimba tani milioni 131 hivi za makaa haya. Ukifungua vitabu vya forodha utaona kwamba makaa yaliyovuka mpaka ni machache mno, ukadhani hakuna biashara. Lakini biashara ipo, ila imebadili umbo. Kwa miaka mingi, mpaka mwaka 2022, Ujerumani iliwauzia jirani zake umeme mwingi kuliko ilioununua kwao. Mwaka 2023 ndipo ikaanza kununua zaidi ya kuuza. Katika umeme ule uliovuka mpaka mlikuwamo umeme wa makaa ya kahawia. Waya hausemi umeme wake umetoka shimo gani. Mwenye kuwasha taa nchi ya pili huona mwanga tu.

Nini basi kilichobaki nyuma? Katika jimbo la Lausitz, mashariki ya Ujerumani, vijiji zaidi ya 100 vimeondolewa, vyote au sehemu, ili machimbo yapite. Vingi vilikuwa vya Wasorbi, watu wachache wenye lugha yao wenyewe, na lugha hupungua wasemaji wake wanapotawanywa. Makaburi yalifukuliwa na wafu wakazikwa upya mahali pengine. Huko Immerath, magharibi ya nchi, kanisa kubwa la kijiji lilibomolewa Januari 2018. Mwaka 2007 kanisa dogo la Heuersdorf lilipakiwa zima juu ya gari na kupelekwa mji wa Borna, kilomita 12. Na katika mji wa Most, uliokuwa Chekoslovakia wakati ule, mwaka 1975 kanisa la kale lilisogezwa juu ya reli mita 841. Jengo lilihifadhiwa kwa ustadi wa ajabu. Mji wa kale uliolizunguka ulibomolewa. Tafakari hapo, msomaji: mawe yalipata reli, jirani wakapata amri ya kuhama.

Wako wasemao kwamba mnunuzi hana deni. Amelipa bei, na wanakijiji nao walilipwa fidia; yaliyobaki ni mambo ya serikali yao. Hoja hii ina nguvu, lakini ina tundu. Biashara huwa safi pale mwenye mali anapokubali kuuza. Mwanakijiji huyu hakwenda sokoni. Sheria ya madini ndiyo iliyoweza kumlazimisha. Mahakama Kuu ya Katiba ya Ujerumani ilipoamua shauri la machimbo ya Garzweiler, Desemba 2013, iliyaacha machimbo yaendelee, lakini ikasema kwamba watu wanaotakiwa kuhama lazima waweze kupinga mapema, kabla mambo hayajaamuliwa yakawa hayarudi nyuma. Yaani hata mahakama iliona kwamba kulipwa si sawa na kusikilizwa.

Wengine husema, basi anayetaka kuwa safi na ajitoe. Hilo nalo lilijaribiwa. Kampuni ya Vattenfall, mali ya serikali ya Uswidi, ilikuwa na machimbo na mitambo ya makaa ya kahawia huko Lausitz. Watu wengi wa Uswidi waliona aibu kwamba nchi yao, ambayo umeme wake hutoka zaidi kwenye maji na nyuklia, inachimba makaa kwa jirani. Mwaka 2016 kampuni ikauza yote kwa wanunuzi kutoka Cheki. Hesabu za moshi za kampuni zikapungua, lakini mashine ziliendelea kuchimba. Je, kuuza mzigo ni kuutua, au ni kumtwika mwingine? Mimi naona mtu anaweza kunawa mikono yake na shimo likabaki vilevile.

Ziko pia familia za wachimbaji, ambao mkate wao umo humo shimoni. Tazama machimbo ya Turów huko Polandi, kwenye pembe ambapo Polandi, Cheki na Ujerumani zinakutana. Wacheki walilalamika kwamba machimbo yanavuta maji ya ardhini upande wao, wakaishtaki Polandi mwaka 2021 katika Mahakama ya Umoja wa Ulaya. Mei mwaka huo mahakama iliamuru uchimbaji usimame. Polandi haikutii, ikisema mtambo ule unahitajiwa na nchi na maelfu wanautegemea kwa kazi. Septemba ikatozwa faini ya yuro 500,000 kila siku. Mwishowe, Februari 2022, nchi mbili zilipatana: Cheki ikapewa yuro milioni 45, na kazi ya kuyakinga maji na kuzuia vumbi ikakubaliwa. Mwenye kisima alikuwa na haki, na mwenye mshahara alikuwa na haki. Waliokosea ni wale waliowaacha wawili hao wagombane huku umeme ukitumiwa na watu wa mbali.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: deni hufuata faida, lakini halimwelekei kila mtu kwa kipimo kimoja. Bibi kizee anayewasha taa moja hana deni sawa na kampuni, wala kampuni haina deni sawa na serikali iliyotunga sheria. Kipimo ni viwili: ulijua nini, na uliweza kuchagua nini. Ujerumani ilipotunga sheria mwaka 2020 ya kuacha makaa ifikapo 2038, iliahidi pia mpaka yuro bilioni 40 kwa majimbo ya machimbo. Fedha hizo hazirudishi kijiji hata kimoja. Lakini zinakiri jambo la kweli, kwamba walioota moto miaka mingi wasiondoke wakamwachia majivu aliyekuwa karibu nao.

Nasi tusidhani kuwa mambo haya ni ya Wazungu tu. Meli zimekwisha kupakia Mtwara. Makaa yetu husafiri, na bei yake hushangiliwa. Yafaa tuulize mapema, wakati swali bado lina faida: meli itakapoondoka, nani atabaki na shimo, na ni nani aliyemwuliza?