Chakula cha kwetu ni kipi?

Kila tunapozungumza juu ya mila za Kivu, kuna neno moja linalorudi: "ya kwetu". Chakula ya kwetu, pombe ya kwetu, ngoma ya kwetu. Wazee wanalisema kwa heshima, vijana wanalisema kwa majivuno kidogo, na sisi tunaoandika vitabu kama hiki tunalisema bila kujiuliza. Lakini, ndugu wasomaji, kitu kinakuwa cha kwetu kwa njia gani? Ni kwa sababu kilizaliwa hapa? Ni kwa sababu babu zetu walikikuta? Ao kuna sababu nyingine? Kwa mtu wa Goma swali hili si mchezo. Katika mji huu na katika vilima vinavyouzunguka, watu wameuawa juu ya neno hilo hilo. Basi tuanzie kwenye sahani, maana hapo tunaweza kuambiana ukweli bila kugombana.

Tuchukue sambaza. Hakuna kitu kinachoitambulisha Goma kama samaki huyu mdogo. Jioni, mitumbwi mitatu mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu inaingia ziwani na taa zake. Asubuhi, wamama wanagombania mabeseni. Sambaza ya kukaanga, bugali ya moto na pilipili: mtoto wa Goma anayeishi Kinshasa ao Brussels anaiota usiku. Na bado, mtu aliyekulia kando ya Ziwa Kivu kabla ya mwaka 1959 hakuijua hiyo samaki. Ziwa letu lilikuwa na samaki wa aina chache tu, na katikati ya maji hapakuwa na kitu kikubwa cha kuvua. Ni Wabelgiji waliochukua samaki wadogo katika Ziwa Tanganyika na kuwamwaga katika Kivu. Walileta ndagala wa aina mbili. Aina moja, ile ambayo wataalamu wanaiita Limnothrissa miodon, ndiyo ilishika. Kwa hiyo sambaza ni mdogo wa bibi zetu kwa umri. Kuna wazee katika mji huu waliozaliwa mbele yake.

Tuangalie sasa kilicho kando ya sambaza. Muhogo unaotupa bugali na sombe ulitoka Amerika ya Kusini. Wareno waliuleta kwenye pwani ya Kongo, ukapanda polepole kuelekea mashariki, na katika enzi ya Wabelgiji kilimo cha lazima kikauzidisha mashambani. Mahindi, ni Amerika. Maharagi, ni Amerika. Viazi vya Masisi na vya Kibumba, vinavyojaza magari kila siku ya soko, kwao ni milima ya Peru. Hata pilipili, na tomati ya kupika nayo, zilivuka bahari. Mtu akiamua leo kutoa kwenye sahani ya Goma kila kilichotoka mbali, atabaki na chumvi na mafuta ya ngazi.

Tusisahau frumaji ya Masisi. Mapadri Wabelgiji ndio walioanzisha kazi hiyo katika miaka ya 1970, kwa ufundi wa Ulaya na maziwa ya ng'ombe wa milima yetu. Leo ukienda Kinshasa bila ile duara ya njano ndani ya mfuko, wenyeji wako watakuuliza: "Yaya, umetoka Goma mikono mitupu?" Kitu cha juzi kimekwisha kuwa zawadi ya kwetu.

Sasa kuna upande wa pili, ambao unatia huzuni. Mtama na ulezi ni watoto wa Afrika kabisa. Vilikuwa hapa mbele ya muhogo na mbele ya mahindi. Lakini mashamba ya ulezi yanapungua, na kijana wengi wa mjini ukimwekea ulezi mbele yake hataujua jina. Kuzaliwa hapa hakukuusaidia ulezi, na kuzaliwa Tanganyika hakukumzuia sambaza. Kilichoamua ni mikono: nani aliendelea kupanda, nani aliendelea kupika, nani alimfundisha mtoto.

Kama kuna kinywaji kinachotufundisha jambo hili, ni kasiksi. Ndizi zinaivishwa siku kadhaa ndani ya shimo lenye joto, zimefunikwa kwa majani ya mgomba. Zinamenywa, zinakamuliwa pamoja na nyasi mpaka maji yatoke. Hayo maji matamu ni mutobe, na watoto wanaruhusiwa kunywa. Kisha unatiwa unga wa mtama uliokaangwa, chombo kinafunikwa, na baada ya siku chache ni pombe ya wakubwa. Mgomba ulitoka Asia, zamani sana. Mtama ni wa Afrika. Kasiksi tunayoiita ya mababu ni mtoto wa ndoa ya mgeni na mwenyeji, na hakuna mzee aliyewahi kuikataa juu ya hilo.

Kuna msomaji atakayesema: "Basi kama vyote vilitoka mbali, hakuna mila. Mnaandika kitabu cha nini?" Hatukubaliani naye. Mila ipo, lakini imekaa katika sheria zinazozunguka chungu. Nani anagawa? Mgeni anapewa kipande gani? Aliyechelewa ameachiwa nini? Kwa nini mwenye nyumba anaonja pombe kwanza, mbele ya kumpa mgeni? Tunajua sote hofu ya sumu ilivyo katika Kivu. Yule anayeonja kwanza anasema bila maneno: maisha yako na yangu, leo ni chombo kimoja. Sheria hiyo haiulizi kama ndani ya chombo kuna kasiksi ao Primus. Ikipotea, hata tukirudisha ulezi kwenye kila kilima, hatutakuwa tumerudisha kitu.

Wala hatusemi kwamba kila kinachokuja ni kizuri. Kuanzia mwaka 2001, mnyauko wa migomba ulionekana Masisi, ukasambaa, ukaharibu mashamba ya familia nyingi. Nao ulitoka nje. Wakulima walijifunza kukata ua la mgomba mapema, kusafisha panga kwa moto, na kung'oa mgomba ulioambukizwa. Walipigana nao sababu ya kile ulichofanya. Sambaza walimpokea sababu ya kile alichofanya. Mkulima ana akili: anauliza hii kitu inafanya nini katikati yetu. Kujua ilitoka wapi kunamsaidia kuelewa, lakini hahukumu kwa hilo.

Kwa watu, je? Hapa ndipo neno "ya kwetu" linapoanza kuuma. Mwaka 1937 serikali ya kikoloni ilianza kuhamisha maelfu ya watu kutoka Rwanda na kuwakalisha Masisi, kama vile ilivyohamisha samaki baadaye. Kwa samaki tulisema ni wetu. Kwa watu na wajukuu wao, tumeuliza swali la asili mpaka mwaka 1993 vilima vikawaka moto, na wenyeji na waliokuja wakafa wote.

Tutajibiwa kwamba ardhi si samaki, na ni kweli. Sambaza hakuhamisha mpaka wa shamba la mtu. Familia ambayo ardhi ya babu yake ilichukuliwa na mkoloni na kupewa wengine, ina haki ya kulalamika, na mtu asiwafunge kinywa kwa hadithi za sahani. Lakini lalamiko hilo lina anwani: nani alichukua, kwa sheria gani, nani anapaswa kurekebisha. Neno "rudia kwenu" halina anwani. Linampiga hata mtoto aliyezaliwa jana. Vilevile, anayekuja na bunduki hatumwiti mgeni. Goma iliona bunduki zikiingia Novemba 2012, ikaziona tena Januari 2025, na hakuna sheria ya ukarimu inayomlazimisha mtu kushukuru kwa hilo.

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Tunapenda kuitumia mithali hii kumfukuza mtu mvivu. Tuisome vizuri. Anayepewa jembe amepewa pia mahali pa kulima, na anayelima pamoja nawe atakula nawe. Jembe ndilo linalomfanya mtu kuwa wa nyumba. Mithali haisemi kwamba siku ya tatu umuulize babu yake alizikwa wapi.

Sisi watu wa Goma tuna sababu ya kukumbuka. Mji wetu umejaa watu wa Rutshuru, Masisi, Lubero, Walikale, Bukavu na mbali zaidi. Na Mei 2021, Nyiragongo ilipolipuka na tukaambiwa tutoke, sisi wote tukawa waliokuja. Kule Sake, Minova na ng'ambo ya mpaka, wengi wetu tulikula bugali ya watu tusiowajua. Ilikuwa ya muhogo kutoka Amerika, na ilitushibisha.

Kwa hiyo tunaomba mambo mawili. Wamama na wababa wanaojua kutengeneza kasiksi, kusaga ulezi, kuanika sambaza, wawafundishe watoto mbele ya kuondoka, na waseme ukweli wa kila kitu kilitoka wapi, bila haya. Tena wafundishe pamoja na hayo ile sheria ya kuonja kwanza na ile ya kumwachia aliyechelewa. Mtoto atakayejua kupika bila kujua kugawa, tutakuwa tumemrithisha nusu ya chakula cha kwetu.