Adabu za Mwenye Baiskeli, Kariakoo na Ujerumani

Nasaha hizi nawaandikia vijana wa mjini wanaopanda baiskeli, kwanza wale wa Kariakoo, Gerezani, Ilala na Upanga, kisha wale wanaojiandaa kwenda Ujerumani kwa masomo, kazi au ziara. Dar es Salaam na Hamburg ni miji dada tangu mwaka 2010, na kwa udugu huo wengi wetu tumepata kuvuka bahari. Nimepanda baiskeli mjini hapa tangu enzi za Phoenix nzito za chuma, na nimepanda Hamburg na Münster. Niliyoyaona pande zote mbili yamenithibitishia jambo moja: aliye juu ya chombo ana deni kwa asiye na chombo. Lori lina deni kwa bajaji, bajaji kwa baiskeli, baiskeli kwa mwenda kwa miguu. Mwenye baiskeli amezoea kujihesabu mnyonge wa barabara, na akibanwa na basi hulalamika kwa haki. Lakini akishaingia Mtaa wa Kongo saa nne asubuhi, pale yeye ndiye daladala.

Nitaanza na sauti, maana hapo ndipo tunapoumizana zaidi. Saa hiyo ya asubuhi machinga wameshatandaza maturubai yao mpaka katikati ya lami. Kuli ana robota begani, shingo haigeuki. Guta linakuja limesheheni mitumba: mmoja anakanyaga amesimama juu ya pedeli, mwenzake anasukuma kwa nyuma, kichwa chini, haoni kitu ila kisigino chake. Wabeba mizigo hawa wana haki ya kupaza sauti, “Mzigo! Mzigo huo!” kwa sababu wakisimama ghafla mzigo unawaangukia wao au unamwangukia mtu mwingine. Wewe mwenye breki mbili na mgongo mtupu huna haki hiyo. Kengele yako ipige mara moja, ukiwa bado mbali, halafu tumia ulimi: “Naomba njia, mama.” “Kaka, niko nyuma yako.” “Samahani dada, napita kulia.” Mtu akijua unakotokea na upande unaopita, atakupisha bila kuruka.

Anayepiga kengele mfululizo mgongoni mwa mtu anamsukuma bila kumgusa. Nimemwona mama muuza maandazi akishtuliwa hivyo karibu na kona ya Mtaa wa Mkunguni. Aliruka, beseni likamponyoka kichwani, maandazi yakabiringika mpaka mtaroni, na kijana aliyemshtua akapita bila hata kugeuza uso. Mtaji wa siku nzima ulikuwa ndani ya beseni lile. Majirani walimchangia, lakini deni lilikuwa la mwenye kengele.

Ukitaka kujifunza, mtazame muuza madafu. Madafu yake amefunga kwenye keria na mengine yananing'inia pande zote mbili, baiskeli imekuwa pana kuliko mlango wa duka. Mkono mmoja kaushika usukani, mwingine kaukaza kwenye siti. Akifika penye watu hapandi, anasukuma. Anasimama kabla ya mtu, si baada ya kumgusa. Anatanguliza salamu kwa wenye meza, na wenye meza wenyewe wanavuta bidhaa zao ili apite. Sijamsikia akitukana wala kutukanwa. Kanuni ninayoichukua kwake ni hii: ukiona huwezi tena kwenda kwa mwendo wa mtu anayetembea bila miguu yako kugusa chini, shuka usukume.

Ugomvi huu wa mwenye baiskeli na mwenda kwa miguu ni wa zamani sawa na chombo chenyewe. Tarehe 12 Juni 1817, Mjerumani Karl Drais alitoka Mannheim akiwa juu ya mashine yake ya mbao yenye magurudumu mawili, haina pedeli wala cheni, akijisukuma ardhini kwa miguu. Haikuchukua muda miji ya Ulaya ikaanza kuzipiga marufuku mashine hizo kwenye njia za wenda kwa miguu. Miji hiyo haikuwa na chuki na uvumbuzi. Waendeshaji waliikimbia barabara yenye mashimo wakahamia palipo laini, yaani pale wanapopita wazee na watoto. Na sisi hufanya hivyohivyo kila siku tunapoikwepa barabara kuu na kupita kwenye baraza za maduka.

Wajerumani wa leo mambo mengi ya adabu hii wameyachora ardhini. Hamburg utakuta ukanda wa matofali mekundu pembeni ya njia ya miguu. Huo ni wa baiskeli, na mwenda kwa miguu hasimami hapo. Baiskeli yenyewe lazima iwe na kengele, breki mbili zinazojitegemea, taa nyeupe mbele na nyekundu nyuma. Tangu mwaka 2020 sheria yao inataja vipimo: gari likiipita baiskeli liache mita 1.5 mjini na mita 2 nje ya mji. Mtoto ambaye hajatimiza miaka 8 anapaswa kupanda kwenye njia ya wenda kwa miguu, mbali na magari. Simu mkononi ukiwa unaendesha ni faini ya euro 55. Ukiyasoma yote hayo kwa pamoja utaona mfululizo uleule wa deni, kutoka kwa mwenye nguvu kwenda kwa mnyonge, ila wao wameupimia mita na euro.

Kwa hiyo kijana unayekwenda huko, usikwazike. Ukisimama kwenye ukanda mwekundu ukiangalia simu, utapigiwa kengele mara moja, kavu, bila salamu, na mtu atakupita kasi. Wageni wengi wa kwetu huona wamedharauliwa. Sivyo. Kwao kengele ile moja ndiyo “samahani, naomba njia” yetu nzima. Toka kwenye ukanda, inua mkono kidogo, yameisha. Kumbuka pia wao hupita kulia na sisi kushoto. Asubuhi ya kwanza, kabla hujazinduka vizuri na uchovu wa ndege, usipande kabisa. Tembea kwa miguu mpaka macho yazoee gari linatokea upande gani. Kwenye njia panda isiyo na taa wala alama, anayetokea kulia kwako hupita kwanza. Na ukienda kinyume na mwelekeo wa njia, hata bibi mwenye kikapu atakukemea mbele za watu. Mwombe radhi, ugeuze baiskeli. Jiji lile ni lake, na anayekemea hadharani huko hana maana ya kukufukuza.

Lakini usiache salamu zako nyumbani. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa pwani ya Bagamoyo, alikwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili, na maandishi yake juu ya desturi za Waswahili, zikiwemo za kusalimiana, yalichapwa Ujerumani mwaka 1903. Alifia hukohuko mwaka 1927. Nikiwa Ujerumani nilimfikiria mara kwa mara mtu huyu: alikaa miaka yote hiyo katikati ya watu wa haraka, na bado aliona namna mtu anavyomwamkia mwenzake ni jambo linalostahili kuandikwa kwa makini. Hamburg wenyewe wana salamu fupi, “Moin”, ambayo hutumika asubuhi mpaka usiku. Itoe. Itoe kwa fundi kabla hujamwonyesha gurudumu. Itoe ndani ya lifti za zamani za handaki la chini ya mto Elbe, lililofunguliwa mwaka 1911, ambako watu na baiskeli hushushwa pamoja mita zaidi ya 20 chini ya ardhi. Pale utaona adabu nzuri ya kuigwa: wanaotoka huachiwa nafasi kwanza, wanaoingia husogea mpaka mwisho, na kila mmoja huibana baiskeli yake ubavuni ili pedeli isimchubue jirani. Milango ya mabasi ya Mwendokasi pale Gerezani jioni ingefaidika sana na adabu hiyo moja.

Sasa turudi nyumbani, maana rangi ya barabarani kwetu ni kidogo na hata iliyopo haituokoi. Mwendokasi ulipoanza mwaka 2016, Barabara ya Morogoro ilipata njia za baiskeli pembeni. Leo sehemu nyingi utakuta bodaboda zimeegeshwa, meza ya chipsi, rundo la kokoto. UWABA, umoja wa waendesha baiskeli wa Dar es Salaam, umelipigania suala la njia salama kwa muda mrefu, na mimi nauunga mkono kwa moyo wote. Hata hivyo usigombane na mama wa chipsi. Mwombe njia kama unavyomwomba mtu yeyote. Na kwa hasira ya kuzibiwa njia yako, usihamie kwenye njia ya mabasi ya Mwendokasi. Dereva wa basi lile refu hana pa kukukwepea, na abiria waliosimama ndani ndio watakaoangukiana akikanyaga breki kwa ajili yako.

Penye msiba, shuka. Jeneza likitoka msikitini kwenda makaburi ya Kisutu, watu hulikimbilia wapokezane kulibeba, na mtaa mzima hujaa. Egemeza baiskeli ukutani, simama, na kama ni desturi yako tia bega hatua chache. Anayejipenyeza kwa kengele katikati ya maziko amekosa adabu mbele ya walio hai na waliokufa. Ijumaa adhuhuri, pembeni ya Msikiti wa Manyema na misikiti mingine ya Kariakoo, sukuma baiskeli au tafuta mtaa mwingine. Mwezi wa Ramadhani dakika za mwisho kabla ya magharibi kila mtu anawahi futari, dereva na mwenda kwa miguu, na wote wana njaa. Toka mapema, au chukua tende mfukoni ufungulie njiani kwa utulivu.

Masika ina adabu yake. Dimbwi la maji hulijui kina, na aliye kando yake amevaa nguo za kazini. Punguza mwendo mpaka gurudumu likate maji bila kuyarusha. Ukimrushia mtu, simama umwambie pole na umpe kitambaa. Usiku usipande bila taa, hata ya tochi ndogo iliyofungwa kwenye usukani. Mwenye gari asipokuona, wewe utaumia, na yeye atalala na picha yako kichwani.

Kwa dada na mama zetu wanaopanda, ninyi hamna la kuambiwa nami zaidi ya ncha za kanga au baibui: zikunjeni mbali na cheni. Maneno yangu ni kwa wanaume. Münster, mji ambao nusu ya heshima yake imejengwa juu ya baiskeli, wanawake wa kila umri huzunguka mji wa kale kwenye njia yenye miti ya kivuli, mwanafunzi kwa bibi, na hakuna anayegeuka kutazama. Hapa kwetu binti akipita Mtaa wa Swahili juu ya baiskeli hupigiwa miluzi kutoka baraza hadi baraza. Anayeendesha katikati ya msongamano anahitaji macho na masikio yake yote, na mluzi wako unamnyang'anya nusu yake. Nyamaza apite. Ukiwa na lako la kusema, hata salamu, subiri ashuke.

Fundi wa pembeni ya barabara mheshimu. Usichukue pampu yake ukajaza upepo kimyakimya ukaondoka. Omba, na ulipe hata kama amesema chukua tu. Ukiazima baiskeli ya mtu irudishe siku uliyoahidi, matairi yamejaa upepo na cheni ina mafuta, na useme palipogonga kabla mwenyewe hajapaona.

La mwisho ni zito. Ukimgusa mtu ukamwangusha, usikimbie. Mjini hapa anayekimbia huitiwa mwizi, na akishaitwa mwizi hapati nafasi ya kujieleza. Shuka, weka baiskeli chini, inama ulipo uso wake umwambie pole. Usianze kwa kueleza nani alikuwa na makosa. Mwulize anasikia maumivu wapi, usimwinue kwa pupa. Kama ameumia, chukueni bajaji, nauli juu yako, mpitie kituo cha polisi cha Msimbazi mkachukue fomu ya PF3, kisha hospitali ya Mnazi Mmoja au Amana. Wapigie nduguze kwa simu yako na ukae naye mpaka wafike. Waeleze yaliyotokea kwa kinywa chako, usiwaache wayasikie kwa wapita njia. Kama mmekubaliana umlipie dawa, lipa mbele ya mtu wake mmoja na mtu wako mmoja. Kesho yake nenda kumjulia hali nyumbani kwake, na baada ya wiki nenda tena.