Weka Kata Mlangoni

Mizani ilionyesha kilo 37. Aliruhusiwa 30. Msichana akageuka nyuma kumtafuta mamake, akakumbuka wameshaagana: pale uwanja wa ndege wa Moi, Changamwe, Mombasa, waliokuja kusindikiza hubaki nje. Walikuwa wamevuka feri ya Likoni alfajiri kumleta. Ilikuwa safari yake ya kwanza, anakwenda Ghuba kufanya kazi za nyumbani, na pesa ya kulipia kilo zilizozidi hakuwa nayo.

Tulikuwa wengi kwenye foleni, na tulitazama tu. Mimi pia nilitazama, na ndiyo sababu naandika.

Aliyetoka ni mama mmoja wa makamo mwenye buibui, ambaye zamu yake ilikuwa imeshakaribia. Akaiacha, akapiga magoti sakafuni. "Fungua mwanangu, tupunguze." Zikatoka chupa za achari, unga, blanketi, viatu. Mabuyu akayarudisha ndani. Alisema siku ya kulia yatamliwaza. Hapo kijana mmoja akanyoosha simu yake: "Mpigie mamako, asiondoke." Kisha akaubeba mfuko wa vilivyotolewa hadi mlangoni, akawakabidhi wenyewe. Dakika kumi hazikufika. Mizani ikasoma 29 na nusu.

Angalia vizuri: hakuna aliyejitolea kumsafirishia msichana mzigo ndani ya begi lake. Hilo lina hatari zake na usilifanye kwa usiyemjua. Wema wao ulitaka magoti na simu tu.

Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta alilala Mombasa usiku mmoja, akiwa njiani kwenda Kilwa. Katika machache aliyoyaandika kuhusu mji huu, alitaja visima vya milangoni mwa misikiti na chombo cha mti chenye mpini cha kutekea maji, mtu anawe miguu kabla ya kuingia. Sisi tungekiita kata. Aliyeiweka hakumjua Ibn Battuta wala hakumngoja. Alijua tu kwamba atakuja mtu, na miguu yake itakuwa na vumbi.

Basi na wewe iweke kata yako! Beba kalamu ya pili, ya kumwazima asiye nayo. Unayejua kubadilisha ndege Nairobi, kutoka upande wa safari za ndani hadi wa kimataifa, mwelekeze asiyejua, na ukiweza fuatana naye. Mzee anayehangaika na mkanda na viatu penye ukaguzi, mshikie fimbo. Usijiambie wahudumu wapo. Wala usingoje kuombwa, maana asiyewahi kusafiri hajui hata la kuomba. Hunyamaza, akaogopa peke yake katikati ya watu mia.

Safari hii hii, inua macho kutoka kwenye simu. Yule pale karibu na nguzo anageuzageuza karatasi zake, anatazama ubao wa ndege, anatazama karatasi tena. Nenda.